Injini ya Subaru kwenye ndege ya viti viwili: anza na gia

Vijana wa gereji za Gerezani huniuliza: hizi Subaru zilizojaa Dar es Salaam, injini yake haiwezi kurusha ndege ndogo ya kujiundia? Inaweza. Marekani wapo wanaoruka na EJ22, mojawapo ya injini hizo za Subaru, na kabla yao wengine waliruka na injini ya Volkswagen. Silinda nne za EJ22 zimelala, mbili kila upande, kwa hiyo inakaa vizuri puani mwa ndege. Ugumu uko pale inapokutana na propela.

Injini hii hutoa nguvu zake nyingi kwenye mizunguko kama 5,500 kwa dakika. Propela ya kipenyo cha mita 1.7 ukiizungusha hivyo, ncha zake zinafika mita 490 kwa sekunde. Zimeshaipita sauti, na nguvu inaishia kwenye makelele. Ndiyo maana hufungwa gia ya kushusha mzunguko hadi 2,500 hivi.

Na gia hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Kila silinda ikiwaka, krankishafti, yaani shafti kuu ya injini, inapigwa kumbo, haisukumwi polepole. Propela kwa uzito wake haitaki kubadili mwendo. Shafti iliyo katikati inajisokota na kujirudi, na upo mzunguko ambao makumbo ya injini yanaoana na msokoto huo. Ukikaa hapo, meno yanalika na shafti inakatika. Mara nyingi ni mzunguko wa chini, wakati rubani anapasha injini bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo raba inayofungwa kati ya injini na gia ili kupunguza makumbo hayo si pambo. Gia ya kuchongesha mtaani bila mahesabu ya msokoto, tafadhalini sana, msiifunge.

Umeme nao. Continental O-200, injini iliyoundwa kwa ajili ya ndege, ina magneto mbili, yaani vifaa vinavyozalisha vyenyewe umeme wa plagi, na plagi mbili kwa kila silinda. Betri ikifa, inaendelea kunguruma. EJ22 ikikosa umeme inazima, basi weka betri mbili na pampu mbili za mafuta. Rejeta iwe kubwa pia, maana ndege hupaa kwa nguvu zote na joto letu la Februari mnalijua.

Mipango yenu ifikisheni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kununua chochote. Siku mkianza kuwasha injini chini, mwageni oili ya gia mara kwa mara na mpitishe sumaku. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Mkipata chembe inayokwaruza ukucha, fungueni gia.