Mradi wa darasani: maana yake ni ipi?

Neno "mradi" huwakumbusha wengi wetu ufugaji wa kuku, kisima cha kijiji au mkopo wa kikundi. Shuleni lina maana nyingine. Mradi wa darasani ni kazi inayoanza na swali ambalo wanafunzi hawajui jibu lake. Wanalitafuta kwa mikono yao wenyewe, kwa siku au wiki kadhaa, kisha wanawaeleza wenzao walichokipata na jinsi walivyokipata.

Kiini chake ni swali. Mtoto akishona kitambaa au akifinyanga chungu kwa kufuata hatua alizopewa, amefanya kazi ya mikono, na ni kazi nzuri. Lakini kama hakuna alichokuwa anakitafuta, sioni sababu ya kuiita mradi.

Tuchukue kipima mvua, kinachowafaa sana watoto wa darasa la nne hadi la sita. Vifaa ni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, mkasi na rula. Unakata sehemu ya juu ya chupa, unaigeuza kichwa chini na kuirudisha mdomoni iwe faneli. Ndani unatia kokoto chache ili upepo usiiangushe. Kwa kuwa kitako cha chupa kina mabonde, unamimina maji mpaka yafunike mabonde na kokoto, halafu unachora mstari. Hapo ndipo sifuri, na kila baada ya kusoma, maji yanarudishwa kwenye mstari huo. Chupa inawekwa mahali peupe, mbali na miti na paa, na inasomwa saa ileile kila siku. Saa 3 asubuhi inafaa, kwani ndiyo saa ambayo vituo vyetu vya hali ya hewa husoma mvua.

Mpaka hapo tuna chombo tu. Mradi unaanza pale mtoto anapouliza: je, tungeweka chombo kipana zaidi, si tungepata mvua nyingi zaidi? Mwalimu anayejua jibu atatamani kulisema papo hapo. Ajizuie. Iletwe sufuria pana yenye kuta zilizosimama wima, iwekwe kando ya chupa, wasubiri mvua. Kesho yake watakuta kina cha maji kinakaribiana katika vyombo vyote viwili, ingawa sufuria imebeba maji mengi kuliko chupa. Imepokea zaidi, lakini imeyatandaza kwenye eneo kubwa zaidi. Mtoto aliyepima hivyo ameelewa kwa nini mvua hutajwa kwa milimita, wala si kwa lita, na hataambiwa tena.

Kutoka hapo hesabu inakuja yenyewe. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika eneo la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 960, karibu kujaza tangi la lita 1,000. Katika shule ambayo watoto huja na madumu ya maji kutoka nyumbani, hesabu hiyo huwafanya watazame juu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1918 William Heard Kilpatrick, mwalimu wa walimu huko New York, aliandika makala iliyoeneza njia ya kufundisha kwa miradi. Kwetu, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha hiyo sehemu ya kuamua, na shamba likawa mahali pa kulima tu, hata pa kutumikia adhabu.

Siku hizi kosa limehamia nyumbani. Nchini Kenya, tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, wazazi wengi wamejikuta wakitafuta katoni, gundi na rangi usiku ili mtoto asiende mikono mitupu asubuhi. Mama amekata, baba amebandika, mtoto amelala. Kazi inafika shuleni ikimetameta na mwenye jina lililoandikwa juu yake hajui imetengenezwaje. Kama mradi hauwezi kufanywa kwa vitu vilivyopo shuleni, katika saa za shule, ubadilishwe. Mzazi aombwe chupa tupu, basi.

Ndiyo maana wakati wa kusahihisha naanza na daftari, chombo baadaye. Natafuta tarehe, vipimo, na hasa siku ambayo mambo yaliharibika. Kikundi kikikuta mbuzi ameangusha chupa usiku, kinaandika nini kwenye jedwali? Wengi huandika 0. Sifuri ina maana kwamba mvua haikunyesha, na wao hawajui kama ilinyesha. Kikundi kilichoandika "hatukupima, mbuzi aliangusha chupa", kisha kikazungushia chombo miiba ya mchongoma, mimi hukipa alama zote za siku hiyo.