Kompyuta “Haioni” Kaseti: Maana ya Kifaa cha USB Kutambuliwa

“Kompyuta haioni kaseti.” Anayejaribu kuhamishia gemu zake za zamani za kaseti kwenye kompyuta hukosi kumsikia akilalamika hivyo, na lalamiko lenyewe lina kosa ndani yake. Kompyuta haijawahi kuiona kaseti, wala haitaiona. Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ilitoka mwaka 1989, USB ya kwanza ikaja Januari 1996. Kaseti ya Game Boy ina pini 32: 16 za anwani, 8 za data, na nane zilizobaki ni za umeme, amri na mambo mengine madogo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayojua USB ni mdudu gani.

Katikati yupo mkalimani. Ni kisomaji, yaani kile kijisanduku unachochomeka kaseti juu yake, chenye chipu inayozungumza USB upande wa kompyuta na lugha ya pini upande wa kaseti. Kwenye katriji (yaani kaseti) za kisasa zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za zamani, kama zile za Nintendo 64 zenye tundu lake la USB, mkalimani huyo amefungiwa ndani ya katriji yenyewe. Vyovyote iwavyo, kompyuta inamwona mkalimani, basi. Kifaa “kutambuliwa” maana yake ni yale mazungumzo mafupi kati ya kompyuta na mkalimani, yanayofanyika kabla hata baiti moja ya gemu haijasomwa. Yana hatua zake, na kila hatua hukwama kwa namna yake.

Yanaanza kwa hodi. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, kisha kijani na nyeupe za data. Kifaa kikishapata umeme, huvuta uzi mmoja wa data juu kwa kutumia rezista ya omu 1,500. Hiyo ndiyo hodi yenyewe, wala si zaidi ya hapo. Kompyuta inahisi uzi umepanda, inajua kuna mtu mlangoni, bado haijui ni nani. Hata uzi uliovutwa una habari: ukiwa ule wa kijani, mgeni anazungumza kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde au zaidi, ukiwa mweupe, kwa megabiti 1.5 tu, kasi ya kibodi na mausi.

Sasa fikiria waya wa kuchajia tu. Una nyekundu na nyeusi, za data hazimo. Umeme unafika, taa ya kisomaji inawaka vizuri kabisa, na hodi haisikiki kamwe. Niliwahi kupoteza jioni nzima hapo. Nilifuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, nikaiweka upya, nikaifuta tena, nikawasha na kuzima kompyuta mpaka nikachoka, kumbe waya niliouokota mezani ulikuwa wa taa ya kusomea. Taa ya kisomaji ndiyo iliyonidanganya: kuwaka kwake kunathibitisha umeme, hakuthibitishi mazungumzo. Ukiwa na shaka na waya, utumie kuhamisha picha kutoka kwenye simu au kamera yenye tundu la aina hiyo hiyo. Picha zikipita, nyuzi za data zimo.

Hodi ikisikika, kompyuta humrudisha mgeni kwenye hali ya mwanzo na kuzungumza naye kwa anwani 0, ambayo kila mgeni huanza nayo. Kwa sababu hiyo huhudumiwa mmoja baada ya mwingine. Wakiingia wawili kwa pamoja wote wangeitika. Kompyuta humwomba kitambulisho, na mgeni anatakiwa kujibu kwa baiti 18 zenye, pamoja na mengine, namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Humpa pia anwani yake mwenyewe, kati ya 1 na 127, ambayo ataitumia mpaka achomolewe.

Hapa ndipo linapotokea lile tangazo la Windows la kifaa kisichojulikana, lenye maneno “Device Descriptor Request Failed” na namba ya kosa 43. Wengi wakiliona hukimbilia kutafuta draiva. Ni kupoteza muda. Draiva huchaguliwa kwa kutazama kitambulisho, na tangazo hilo linasema kitambulisho hakikupatikana: mgeni alibisha, akaulizwa jina, akabwabwaja. Kosa mara nyingi sana liko kwenye vitu vya kushikika, yaani waya uliochakaa, tundu lililolegea, lehemu iliyopasuka kwenye tundu la kisomaji, au umeme hafifu. Badilisha waya, kisha badilisha tundu, tena chagua tundu la kwenye kompyuta yenyewe. Vile vifaa vya kuongeza matundu visivyo na umeme wao huwagawia wote kidogo kilichopo. Kwa kanuni za USB 2.0 kifaa kinaruhusiwa kutumia miliampea 100 kabla hakijakubaliwa, na hadi 500 kikishakubaliwa. Ndiyo maana kisomaji kinaweza kutambulika bila taabu halafu kikapotea ghafla unapoanza kuandika kwenye kaseti, kazi inayokula umeme zaidi ya kusoma.

Kitambulisho kikipatikana, inatafutwa draiva. Kinachowachanganya watu ni kwamba namba zilizomo mara nyingi ni za chipu ya mkalimani, si za kisomaji. Namba ya mtengenezaji ikiwa 0403, chipu ni ya kampuni ya FTDI. Ukiona 1a86 ikifuatwa na 7523, ni CH340, chipu ya bei nafuu inayopatikana kwenye vifaa chungu nzima visivyohusiana hata kidogo na gemu. Kwa hiyo usitegemee kuliona jina la kisomaji chako kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows. Utaona poti ya COM, yaani njia ya mawasiliano, yenye namba fulani, na hiyo inatosha. Kwenye Linux amri ya lsusb itakuonyesha namba hizo, na dmesg itakueleza kifaa kimepewa jina gani, kwa kawaida ttyUSB0. Visomaji vingine, kama Retrode, havihitaji haya yote: hujitambulisha kama flashi, na gemu likaonekana kama faili la kawaida.

Kuazima kitambulisho cha chipu kuna vituko vyake. Kwenye Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux, watu wengi walichomeka vifaa vya CH340, vikatambuliwa vizuri, kisha poti ikatoweka baada ya sekunde moja. Mnyang’anyi alikuwa BRLTTY, programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu. Kuna kifaa cha nukta nundu kinachotumia namba hizo hizo, 1a86 na 7523, basi programu ikiziona hudhani mwenyewe amefika, inamkamata. Haina kosa kubwa, kwa kweli; imefanya ilichoambiwa. Asiyeihitaji huiondoa na poti hubaki mahali pake. Kituko kikubwa zaidi ni cha mwaka 2014, draiva mpya ya FTDI iliposambaa kupitia Windows Update na kuziandikia chipu bandia namba ya bidhaa 0000. Chipu hazikuungua, nyuzi zilikuwa nzima, hodi ilisikika. Ila kitambulisho kilikuwa hakilingani tena na draiva yoyote, na kwa mwenye kifaa hilo lilikuwa sawa na kufa.

Poti ikishaonekana, kinachobaki upande huu ni ruhusa. Poti hutumiwa na programu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiacha dirisha lingine limeishikilia, programu yako itagonga ukuta. Kwenye Ubuntu na Debian jina lako la mtumiaji linatakiwa liwe kwenye kundi la dialout, na mabadiliko hayo hayafanyi kazi mpaka utoke na kuingia upya, jambo ambalo maelekezo mengi hulisahau. Programu za katriji za Nintendo 64 zina lao pia: baadhi huongea na chipu ya FTDI moja kwa moja bila kupitia poti, na Linux ikiwa imeshaipakia draiva yake ya ftdi_sio, mlango huwa umeshikwa. Amri ya sudo rmmod ftdi_sio huufungua.

Kwenye katriji hizo hizo kuna mtego mwingine unaofanana na ule wa taa. Katika baadhi, chipu ya USB hupata umeme kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo hutambuliwa hata kama mashine ya gemu imezimwa. Kompyuta inamwona mkalimani, mkalimani yuko macho, lakini nyumba anayoitafsiria imelala. Programu inatuma gemu, inasubiri, inakata tamaa. Kwa nyingine haitoshi hata kuwasha mashine. Lazima menyu ya katriji iwe kwenye skrini, maana ndiyo inayosikiliza USB. Ukishaingia ndani ya gemu, hakuna anayesikiliza tena.

Sasa upande wa pili wa mkalimani, kwenye pini, ambako USB haina kazi lakini ndiyo inayolaumiwa. Chukua kaseti ya Game Boy. Kuanzia anwani 0104, kwa namba za msingi wa kumi na sita, kila kaseti halali imeandikwa nembo ya Nintendo kwa baiti 48, na zinaanza hivi: CE ED 66 66 CC 0D. Mashine yenyewe huzikagua kabla ya kuanza gemu, na visomaji vingi huzitumia kujua kama vinasoma kitu cha maana. Programu ikikuonyesha FF FF FF FF tupu, USB yako ni nzima. Namba hizo zimefikaje kwenye skrini kama si kwa USB? Ila nyuzi za data kwenye pini hazina anayezishusha, kwa hiyo zote nane zinasomeka 1, na hiyo ndiyo FF. Kaseti haijakaa sawa, au pini zake zote zimejaa uchafu.

Uchafu ukiwa kwenye pini moja tu, inapendeza zaidi. Tuseme umesoma CF ED 67 67 CD 0D. Linganisha na safu sahihi: kila baiti imekuwa namba witiri, hata zile zilizopaswa kuwa shufwa. Hiyo ni pini ya kwanza ya data, D0, imekwama kwenye 1. Na ukisoma CE CE 66 66 CC CC, baiti zikienda mbili mbili kama mapacha, data haina tatizo. Ni pini ya kwanza ya anwani isiyogusa, kaseti inaulizwa anwani mbili tofauti na kujibu kutoka moja.

Kabla ya kusugua chochote, hakikisha volti. Kaseti za Game Boy ya kwanza hutumia 5, za Game Boy Advance 3.3, na visomaji vingi vina swichi au mpangilio wa kuchagua. Kisha chomoa kaseti, chovya kijiti cha pamba kwenye alkoholi ya isopropili, pitisha kwa kufuata urefu wa pini na si kukatiza, geuza upande safi, rudia mpaka pamba iache kutoka nyeusi. Iache ikauke, irudishe, soma tena anwani 0104. Ikija CE ED 66 66, shuka kidogo mpaka 0134: hapo programu itakuandikia kwa herufi kubwa jina la gemu.