Je, wajua kwa nini jogoo wa kienyeji huwa mgumu? (Si kwa sababu ya kukimbia)

Kila Desemba kwetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, kesi ni ile ile. Mama ametenga jogoo aliyemaliza miaka miwili akiwika. Shemeji anashuka kwenye matatu kutoka Nakuru na kuku wawili wa gredi, wale wa kisasa wa nyama, tayari wamechinjwa na kukatwakatwa. Mama anasema gredi ni sponji iliyotiwa chumvi. Shemeji anasema kwa jogoo wa mama ni lazima mtu akodi meno. Ugali wa wimbi ukitengwa, kesi inaahirishwa hadi mwaka ujao.

Mimi nilikuwa shahidi mtaalamu wa kesi hiyo. Kwa miaka niliwaeleza watoto, tena kwa sauti ya mwalimu, kwamba jogoo ni mgumu kwa sababu ya mazoezi: anafukuza majike, anamtoroka mwewe, anakimbizwa na mbwa wa jirani. Gredi anakaa, anakula, anakunywa, na misuli yake inabaki laini. Maelezo hayo yalikaa sawa hata sikuwahi kuyajaribu.

Mwaka juzi shangazi, akichambua likhubi (majani ya kunde) bila hata kuinua macho, akaniuliza: "Na wale kuku wa mayai wanaouzwa wakichoka kutaga, wao walikimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Kuku wa mayai wengi huishi ndani ya vizimba vya waya ambamo hata kugeuka ni shughuli. Huondolewa wakiwa na wiki 72 hadi 80 hivi na kuuzwa bei ya chini. Aliyewahi kumnunua mmoja anajua kwamba nyama yake huvutana na meno kama mpira wa baiskeli, ilhali kuku huyo hajakimbia hata hatua kumi maishani. Upande wa pili kuna pora wa miezi mitano, yule anayeanza kujifunza kuwika, anayeshinda akikimbizana na wenzake boma zima. Huyo ukimbandika, baada ya saa moja na kitu mnakula. Nadharia yangu ilikuwa imeanguka pande zote mbili. Wagumu wote wawili wanalingana kwa jambo moja tu, umri. Gredi naye huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Ni mtoto mwenye mwili mkubwa.

Sasa umri unafanya nini kwenye nyama?

Nyama si msuli peke yake. Kila uzi wa msuli umevikwa utando, mafungu ya nyuzi yamevikwa utando mwingine, na mwishoni tando hizo huungana na kano inayoshika mfupa. Zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni, ambayo umbo lake ni la kamba kwelikweli: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kama kamba ya katani. Kamba moja haina shida. Joto likipita digrii 60 hivi, msokoto huanza kulegea, na ukiendelea kuchemsha kamba hufumuka na kuwa jelatini, kitu laini kinachoyeyuka kwenye mchuzi. (Ukitaka kuiona, acha supu ya jogoo usiku mmoja wa baridi. Asubuhi utaikuta imeganda na kutikisika. Mafuta ni ule utando wa juu tu, hiyo inayotikisika chini yake ni jelatini.)

Shida ni jinsi kamba zinavyofungana zenyewe kwa zenyewe. Chukua ukuta wa fito kabla haujakandikwa. Mwanzoni fito umezifunga kwa kamba za mgomba. Zikilowa siku tatu mfululizo, vifundo vinalegea na ukuta unayumba. Lakini mwenye nyumba hatulii. Kila msimu anarudi, na penye kifundo cha mgomba anakaza waya. Baada ya miaka miwili fito ni zile zile, wala hajaongeza nyingi, ila sasa mvua inyeshe itakavyo.

Kwenye mwili wa kuku mwenye nyumba huyo ni muda. Viungo vinavyoshikanisha kamba za kolajeni kwa mnyama mchanga ni vya aina inayoachia kwenye joto. Anavyozeeka, vingi hugeuka kuwa aina inayolistahimili. Kwa hiyo si kwamba jogoo mzee ana kolajeni nyingi ajabu kuliko pora. Aliyo nayo tu ndiyo imefungwa kwa waya. Sufuria itaifungua hatimaye, lakini kwa saa mbili tatu za moto mdogo. Na ndiyo maana gredi akiachwa humo muda huo huo anamwaga mifupa: vifundo vyake vyote ni vya mgomba.

Si kwamba mbio hazina hatia kabisa, niseme hivyo kwa heshima ya nadharia yangu marehemu. Paja lina kolajeni nyingi kuliko kidari, na paja ndilo lenye kazi. Ila tafiti zilizolinganisha kuku wa umri mmoja, wa nje na wa ndani, zimetoa majibu yanayopingana, na tofauti zilizoonekana mara nyingi ni ndogo.

Mkosaji mwingine ni sisi wenyewe. Mgeni akionekana kwenye kona, kuku anakamatwa, na kabla ya saa moja kuisha yuko jikoni. Misuli ya kuku hukakamaa muda mfupi baada ya kuchinjwa, kisha huhitaji saa nne hivi au zaidi kulegea tena. Kumpika katikati ya hapo ni kumwongezea ugumu ambao hata pora hastahili. Kuku wa Krismasi achinjwe jioni ya tarehe 24 na alale mahali pa baridi.

Papai bichi husaidia kweli, kwa kuwa utomvu wake una kimeng'enya kinachokatakata protini. Lakini kukitumbukiza kwenye maji yanayotokota ni kukiua kabla hakijaanza kazi. Ponda, paka, subiri, ndipo ubandike.

Shemeji naye alijaribu utetezi mpya: kwamba Nakuru wanakula gredi kwa sababu ya mwinuko. Nilicheka, kisha nikapiga hesabu, maana unavyopanda juu maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na maji huchemka huko karibu na digrii 94. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni 96. Kwa hiyo ni kweli jogoo yule yule atachukua muda zaidi kidogo Nakuru. Kidogo. Haitoshi kumfutia mtu deni la kula jogoo, na sufuria ya presha, inayofika digrii 120 hivi, hulimaliza suala lote.

Krismasi iliyopita tulibandika sufuria mbili. Ya jogoo saa tatu asubuhi, ya gredi saa tano na nusu. Shemeji alikunywa supu ya jogoo vikombe vitatu na akakataa nyama. Mama hadi leo hajaonja ya sufuria ya pili.