Upande mmoja umekufa? Muulize ulio hai

Risiva ya stereo ikinyamaza pande zote mbili, kwanza natazama umeme: fyuzi, swichi, transfoma. Ikinyamaza upande mmoja tu, nafurahi. Ndani ya boksi lile mna amplifaya mbili pacha, na kila rezista ya kushoto ina mwenzake kulia. Pacha mmoja akiwa mzima, una mahali pa kulinganishia hata kama karatasi ya mchoro wa saketi huna.

Mwezi uliopita mzee mmoja hapa Tanga aliniletea risiva ya Kijapani, ya zile zenye uso wa fedha na ubavu wa mbao. Aliinunua Dubai mwaka 1979 alipokuwa baharia, na kanda zake zote za taarabu amezisikilizia humo. "Mwanangu, kushoto hakusemi. Fundi wa kwanza amebadilisha transista mbili kubwa, bado." Nilimwambia aniachie siku tatu.

Kabla ya kushika bisibisi nilibadilishana nyaya za spika, ya kushoto ikaenda kulia. Kimya kikabaki kwenye mashine, kwa hiyo spika ni nzima. Nikabadilishana nyaya za kuingizia sauti, kimya hakikuhama. Kisha nikaizungusha volyumu na balansi mwanzo hadi mwisho, na kubonyeza swichi ya tepu mara ishirini hivi. Msidharau hatua hii. Swichi ya tepu ikikaa miaka bila kuguswa hushika kutu jembamba, na hewa yetu ya chumvi huku pwani huongeza. Risiva nyingi zimepona hapo hapo, kwa dawa kidogo ya kusafishia kontakti. Usitumie mafuta ya kulegezea nati, yanaacha utelezi unaonasa vumbi.

Hii haikupona. Nyuma yake ina vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha sehemu ya toni na sehemu ya nguvu, ile inayosukuma spika. Nilivichomoa, nikaipeleka sauti ya toni ya kushoto kwenye nguvu ya kulia kwa waya. Spika ya kulia ikaimba. Basi toni ya kushoto ni nzima, na nusu ya mashine nimeshaiondoa kwenye mashaka bila kufungua hata skrubu moja.

Ndipo nikafungua. Nilihakikisha kwanza kapasita kubwa zimeisha chaji, kwa kuzipitishia rezista ya omu 100 ya wati 5. Kapasita hizo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na kuzipiga shoti kwa bisibisi ni kujitafutia majeraha. Kisha nikaiwasha kupitia balbu ya kizamani ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu iking'aa kisha ikafifia, endelea. Iking'aa moja kwa moja, kuna shoti, zima.

Ilififia. Baada ya sekunde chache nikasikia "tak": rilei ya kulinda spika, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, imefunga na kuziunganisha spika. Mlio huo ni habari kubwa. Saketi ya ulinzi hairuhusu rilei kufunga ikiwa volti za moja kwa moja (DC, kama za betri) zinaelekea kwenye spika, na transista kubwa iliyopigwa shoti kwa kawaida huleta volti hizo. Kwa hiyo zile transista za awali huenda hazikuwa na kosa lolote. Mzee alilipia vifaa ambavyo mashine haikuvihitaji, na hilo liliniuma.

Nikaondoa spika, nikaingiza mlio wa hezi 400 kutoka kwenye simu. Nachagua 400 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hazipimi vizuri masafa ya juu. Kabla ya rilei: kulia volti 1.2, kushoto volti 1.2. Baada ya rilei: kulia 1.2, kushoto sifuri.

Nilipofungua kifuniko cha rilei, kontakti za kushoto zilikuwa nyeusi kama masizi. Wengine huzikwangua kwa msasa. Msasa huondoa ule utando mwembamba wa madini mazuri juu, na baada ya miezi weusi unarudi. Ukiwa huna rilei nyingine, loweka kipande cha karatasi ngumu kwenye spiriti, kibane kati ya kontakti, kivute taratibu, rudia mpaka kitoke cheupe. Mimi niliweka mpya: koili ya volti 24, jozi mbili za kontakti, na mpangilio wa miguu niliouhakikisha kwa mita kabla ya kuchomelea.

Kushoto kukasema. Lakini kazi haikuwa imekwisha, maana transista zilikuwa zimebadilishwa bila mtu kugusa priseti, ile rezista ndogo ya kuzungusha inayopanga umeme unaopita kwenye transista mashine ikiwa kimya. Bila sauti yoyote, nilipima kwenye rezista za omu 0.47 zilizo karibu na transista hizo. Kulia milivolti 10, yaani kama miliampia 21. Kushoto milivolti 38, karibu mara nne, na bati la kupozea la upande huo lilikuwa la moto ilhali mashine imekaa kimya. Pia chini ya transista moja hapakuwa na pesti nyeupe ya kupitishia joto hata chembe kwenye karatasi ya maika. Nilizifungua, nikapaka pesti, nikarudisha, nikateremsha priseti polepole hadi 10.

Volti za moja kwa moja kwenye spika zilikuwa milivolti 14 kushoto na 9 kulia. Zikiwa chini ya 50 silali na wasiwasi. Niliiacha iimbe saa mbili, nikapima tena, hazikusogea. Mwisho nikageuza kiteuzi cha volti nyuma kutoka 220 kwenda 240, kwa sababu umeme wa mtaa wetu usiku hupanda, nikamwita mzee aje na kanda yake mwenyewe.