Bao, taarabu na mkeka: yanayosemwa kuhusu starehe zetu, na ukweli wake

Kazi zikiisha jioni watu hutawanyika. Kuna wanaokwenda barazani kwenye bao, kuna wa kibanda cha video, kuna wa ukumbini, na kuna aliyejikunyata na simu akimalizia mkeka wa kubeti mechi. Kila starehe ina maneno yaliyozoeleka juu yake, na mara nyingi wanaoyarudia hawajawahi kukaa nayo hata saa moja. Maneno hayo yananikera, kwa sababu mengi yanadharau ujuzi mkubwa, na moja linalipamba jambo linalowamaliza vijana.

"Bao ni la wazee wasio na kazi"

Anayesema hivi hajawahi kujaribu kuhesabu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zinabaki mkononi, naye anaziingiza moja moja wakati wa kunamua. Zikimalizika, mchezo unaingia kwenye mtaji, na kuanzia hapo kila mtu anacheza kwa zile zilizokwisha kupandwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye kula. Katika drafti, kete iliyoliwa imetoka na mambo yanazidi kuwa mepesi kadiri mchezo unavyosonga. Katika bao hakuna kete inayotoka. Unazokula kwa mwenzako unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo likiwa na kitu, unakula tena. Kama hakuna cha kula unazizoa zote na kuendelea, mpaka ufike shimo tupu, ulale, yaani zamu yako iishe. Zamu moja inaweza kuzunguka upande wako zaidi ya mara moja na kula mara kadhaa njiani. Fundi anatakiwa aone mwisho wa mzunguko huo kabla hajagusa kete, kisha aone na jibu la mwenzake katika ubao uliokwisha kugeuka.

Hapo bado hatujaigusa nyumba. Wakati wa kunamua, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikaishia nyumbani, una hiari: ulale, au uivunje nyumba uende safari, yaani uzizoe kete zake zote na kuzisambaza. Ukiivunja mapema umetawanya akiba yako, ukichelewa mwenzako anaila yote kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akitamba muda mfupi uliopita anajikuta safu yake ya mbele haina kitu, na mbele ikiwa tupu amefungwa, hata kama nyuma zimejaa tele.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi. Mwalimu Nyerere, mtu ambaye hakuna atakayesema alikosa kazi, alilipenda na kulicheza. Miaka ya 1990 mtafiti Mholanzi, Alex de Voogt, aliwafuata mafundi wa Zanzibar ili achunguze jinsi vichwa vyao vinavyobeba hesabu hizi. Na kuhusu uzee, watoto wetu wanalianza mchangani, kwa vijishimo vya kuchimba na kokoto, wakicheza bao la kujifunza ambalo kila shimo huanza na kete mbili.

Nyongeza moja: si kweli kwamba michezo hii yote ni kitu kimoja chenye majina tofauti. Omweso ya Uganda na igisoro ya Rwanda zina ubao kama wetu, mashimo 32 na kete 64, lakini namna ya kula na kusambaza ni nyingine. Fundi wa Kampala akiletwa barazani Unguja itabidi ajifunze upya. Waomani nao wana hawalis yao, yenye safu nne na kanuni zake.

"Taarabu ni mipasho ya wanawake"

Mipasho ipo, na siidharau. Lakini ni tawi changa la mti wa zamani. Anayetajwa kuileta taarabu Zanzibar ni Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo. Kilikuwa cha wanaume, wakiimba kwa Kiarabu, kwa udi, kanuni na fidla. Wakati huo neno mipasho lisingemjia mtu yeyote akilini.

Aliyeigeuza ni Siti binti Saad wa Fumba, binti wa watu waliokuwa watumwa, aliyewahi kutembeza vyungu kabla ya kutembeza sauti. Aliimba kwa Kiswahili mambo ya mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Msikilize katika wimbo wake wa Kijiti: mwanamke mgeni ameuawa, mtuhumiwa ametoroka, na adhabu inawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Hiyo ni lawama kwa mahakama ya wakoloni, imewekwa katika beti, ikaimbwa mbele ya watu. Kuiita umbea ni kumkosea heshima mama yule.

Wala taarabu haina sura moja. Mombasa, Juma Bhalo alitia mashairi mazito ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na Zein l'Abdin akalifanya udi lizungumze. Tanga ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star. Mipasho yenyewe ilipamba moto miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikishindana, mwimbaji Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule. Ni kipindi kimoja katika historia ya zaidi ya miaka mia moja. Hata huko kwenye mipasho, mtazame anayekwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa: hainuki ovyo, anaungoja ubeti unaomhusu, na ukumbi mzima unamsoma. Pale hadhira nayo ni sehemu ya utunzi.

"Bendi za Jazz zilipiga jazi"

Hili ni fupi. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz hazikuwa zikipiga jazi ya Marekani. Zilipiga rumba, chacha na midundo ya ngoma zetu. Tangu miaka ya 1930, santuri za mfululizo wa GV za kampuni ya HMV zilileta muziki wa Kuba katika masikio ya Afrika, nasi tukaupokea kama ndugu aliyerudi. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha kitu, bendi yake aliiita Cuban Marimba.

"Mtafsiri wa kibanda cha video anaharibu filamu"

Marehemu Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na wenzao wa Uganda wanaoitwa ma-VJ, hawakukusudia kutafsiri neno kwa neno. Wanasimulia. Wanaeleza nia ya adui kabla hajatoa bastola, wanampa shujaa jina la mtaani, wanamtania, wanamuonya. Hadhira nayo inajibu, kama tulivyojibu "Pakawa!" bibi aliposema "Paukwa!" Filamu ya Hong Kong au ya Mumbai ndiyo malighafi tu, na utamu ni wa msimuliaji.

"Ukiujua mpira, mkeka unalipa"

Hapa dhana inakwenda upande wa pili: inasifu isipostahili kusifu. Tuseme unaujua mpira kweli, unapatia mechi saba katika kila kumi. Ni mtu adimu. Ukipanga mechi kumi kwenye mkeka mmoja, uwezekano wa zote kukubali haufiki 3 katika 100, kwa sababu 0.7 imezidishwa yenyewe mara kumi.

Kisha kuna fungu la kampuni, ambalo halionekani. Chukua mechi yenye odi, yaani kile dau lako linachozidishwa nacho ukishinda, 2.00 kwa mwenyeji, 3.30 kwa sare na 3.60 kwa mgeni. Gawa moja kwa kila odi, ujumlishe: unapata takriban 1.08. Katika mchezo wa haki ingekuwa 1.00 kamili. Ile ziada ndiyo yao, na kwenye mkeka inakatwa upya kwa kila mechi unayoongeza. Kwa mechi kumi za odi za aina hiyo, ukibashiri bila kuwazidi ujuzi, kila shilingi 1,000 unayoweka inarudisha kwa wastani kama 460. Kwa hiyo anayerefusha mkeka ili "odi zipande" anaongeza makato yake mwenyewe.

Vijana wananijibu kwa kunitajia jirani aliyeshinda. Simkatai, ameshinda kweli, na mtaa mzima umeuona ujumbe wake wa simu. Ila mikeka iliyochanika wiki hiyohiyo hakuna aliyeionyesha. Anayetaka kubeti kwa burudani aweke kiasi ambacho angekitoa kama kiingilio cha uwanjani, akikihesabu kuwa kimekwisha tangu anapobonyeza, na kodi ya nyumba isihusike.