Je, Wajua Ni Vipi Wanasayansi Huru Huwashauri Majenerali?

Jeshi lolote kubwa lina wataalamu wake, lakini wataalamu hao wana udhaifu usiohusiana kabisa na elimu yao: anayewapandisha cheo ndiye huyo huyo anayesubiri majibu yao. Kwa sababu hiyo kuna thamani kubwa katika JASON, jopo la wanasayansi huru wanaolishauri jeshi, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1960, ambalo wanachama wake wa kwanza walikuwa hasa wanafizikia wa vyuo vikuu.

Wanajopo hukutana kwa wiki kadhaa kila majira ya joto, vyuo vikiwa likizo. Huwa na kibali cha kusoma nyaraka za siri, huwasikiliza maofisa na wahandisi wa kijeshi, kisha hukaa na kufanya hesabu wenyewe. Hulipwa kwa siku walizofanya kazi, lakini riziki yao hutoka chuoni, na wanachama wapya huchaguliwa na wanachama waliopo, si na wizara. Hilo la mwisho naliona ndilo zito zaidi, kwani ofisa asiyependezwa na jibu hawezi kujipangia watu watakaompa jibu jingine.

Tazama ripoti waliyoiandika mwaka 1967, wakati wa Vita vya Vietnam. Freeman Dyson, mwanafizikia na mmoja wa wanajopo, alisimulia baadaye kwamba yeye na wenzake walishtuka kumsikia mkubwa mmoja wa kijeshi akidokeza kuwa pengine ingefaa kurusha bomu la nyuklia mara moja moja. Wanasayansi wanne, akiwamo Dyson na mwanafizikia mwenzake Steven Weinberg, wakaamua kulichunguza wazo hilo, tena kwa hoja za kivita tupu, bila kuingiza maadili, ili makamanda wasipate mwanya wa kuipuuza kazi yao. Walionyesha kwamba wapiganaji wa upande wa pili walikuwa wametawanyika msituni katika vikundi vidogo, hivyo mabomu hayo yangewapata wachache tu, ilhali askari wa Marekani walikuwa wamerundikana katika kambi, bandari na viwanja vya ndege vichache. Iwapo Muungano wa Kisovieti au China ingewapa wapiganaji hao silaha za aina hiyo, Marekani ndiyo ingeumia zaidi. Silaha hizo hazikutumika, ingawa si haki kuipa ripoti moja sifa yote.

Hata hivyo, mshauri hashiki amri. Mwaka 1966 wanajopo walikuwa wamemweleza Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, kwamba kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu hakukuwa na athari ya kupimika katika uwezo wake wa kupigana, kwa kuwa ilikuwa nchi ya wakulima yenye viwanda vichache, na silaha zake zilitoka nje. McNamara aliyachukulia maelezo hayo kwa uzito, lakini mashambulizi yaliendelea hadi mwaka 1968.

Mwaka 2019 Wizara ya Ulinzi ilitangaza kusitisha mkataba wake na jopo hilo, na idara inayosimamia silaha za nyuklia, iliyo chini ya Wizara ya Nishati, ndiyo iliyojitokeza kulidhamini.