Volkano ya ngao ni nini? Mfano wa Karthala, Ngazija

Volkano ya ngao ni mlima uliojengwa na zaha nyepesi (zaha ni mawe yaliyoyeyuka yanayotoka ardhini), tabaka juu ya tabaka, hata ukawa mpana mno kuliko kimo chake. Ukiutazama kwa mbali unafanana na ngao iliyolazwa chini, tumbo juu.

Umbo hilo linatokana na jiwe lenyewe. Basalti, jiwe jeusi la volkano, ina silika kidogo (madini yanayoifanya zaha iwe nzito), kwa hiyo ikiyeyuka hutiririka. Mimina uji mwepesi kwenye sinia, utatambaa mpaka ukingoni. Pakua ugali, utakaa kama kilima. Zaha nzito, ikichanganyika na majivu, ndiyo inayojenga milima iliyochongoka kama Meru wa Arusha.

Karthala, huko Komoro, una mita 2,361 na umechukua sehemu kubwa ya kusini mwa kisiwa cha Ngazija. Ukiwa chomboni, usitafute ncha. Utaona mgongo mrefu unaopanda polepole, halafu unamezwa na mawingu. Juu kabisa kuna kaldera ya takriban kilomita 3 kwa 4, yaani bonde lililotokea pale kilele kilipodidimia baada ya zaha iliyokishikilia kutoka chini kuondoka.

Pwani, mchanga mweupe wa matumbawe umekaa katikati ya miamba myeusi. Okota kipande cha mwamba huo: kimejaa vitundu kama kibibi kilichoiva. Humo ndimo gesi ilimopitia zaha ikiganda. Mwamba wenye vitundu na nyufa namna hii hauzuii maji, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu mlima huu. Mvua Ngazija ni nyingi sana, lakini kisiwa hakina mto wa kudumu hata mmoja. Maji yote huzama, na watu wengi huishi kwa kukinga mvua kwenye matangi.

Novemba 2005 majivu ya Karthala yaliingia katika matangi hayo, na maelfu ya watu wakakosa maji safi. Volkano ya ngao kwa kawaida haina kishindo, ila zaha ikikutana na maji ardhini, mvuke hulipuka na kurusha majivu.

Wala zaha haingoji kutokea kileleni. Mwaka 1977 ilipasua ubavu wa mlima upande wa kusini-magharibi, ikateremka mpaka kijiji cha Singani na kuzifunika nyumba.